Hati Niliyoisoma Nikanyamaza

Iko siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa, na kila ikinijia hasira hunipanda. Usiniambie nimekwisha kuwa mtu mzima, nisamehe. Nimesamehe mengi katika umri huu, hata ya watu walioniudhi kwa makusudi. La siku ile halijanitoka, maana katika waliokosa siku ile na mimi nimo, na mtu hujisamehe mwenyewe kwa taabu zaidi kuliko anavyomsamehe jirani.

Kaa vizuri nikueleze. Nasikia siku hizi vijana mnakwenda benki, mnakopeshwa, mnanunua nyumba, mnailipia miaka na miaka. Si vibaya. Nyumba ni stara. Lakini nawaona mnavyopokea makaratasi, mnafunua ukurasa wa mwisho, mnatafuta pa kutia sahihi kama mtu anayetafuta mlango wa choo. Hapo ndipo ninapokasirika, na leo sikukusudia kuificha hasira yangu.

Miaka ile ya hamsini, kabla ya Uhuru, nilikuwa mwari niliyeolewa karibuni, tunakaa Ngamiani, mimi na mume wangu Athumani. Athumani alikuwa akifanya kazi karakana ya gari moshi, anarudi jioni shati lote mafuta matupu. Alikuwa mtu mpole, mcheshi, na kosa lake lilikuwa moja tu: akimheshimu mtu, hamhoji. Mimi nilikuwa nikishona kofia za mkono, zile za viua, vitundu vidogo vya nakshi, nampelekea mwenye duka mmoja barabara ya kumi. Kofia moja wiki tatu, macho yanauma, lakini senti yake ilikuwa yangu.

Tulipanga chumba kimoja kwa mama mmoja ambaye sitamtaja, maana amekwisha tangulia mbele ya haki. Mama yule alihesabu ndoo za maji tulizochota kisimani kwake. Nikipika chapati alikuja kunusa, aseme moshi unamharibia dari. Nilipopata mimba akaniita uani akaniambia, "Mwanahamisi, mimi hapa sitaki kilio cha mtoto. Ukikaribia kujifungua, mtafute pengine." Alisema vile huku anapepeta mchele, wala hakuinua uso. Jioni nilimwambia Athumani. Chakula hakukimaliza.

Haikupita mwezi tukasikia kuna mzee anauza nyumba yake pale pale Ngamiani, arudi kwao Tongoni akafie kwa watoto wake. Nyumba ya udongo, vyumba vinne, ukumbi katikati, ua wenye mpera, paa la makuti. Makuti yenyewe yamechakaa, lakini nguzo zilikuwa za mikoko, zimesimama barabara. Niliingia nikapita chumba kwa chumba, nikaugusa ukuta. Mwanangu, mtu aliyekuwa akihesabiwa ndoo, akiingia katika nyumba anayoweza kuiita yake, akili humpungua. Sisemi hivyo kujitetea. Nasema ujue kwamba tamaa ya nyumba si tamaa ndogo, na wanaokuuzia wanaijua.

Fedha tuliyokuwa nayo ilifika nusu. Katika nusu ile, zilikuwamo bangili zangu za mahari, nimezitoa mkononi mwenyewe, Athumani akageuza uso asione. Nusu ya pili tulikosa. Ndipo Athumani akamkumbuka Bwana Sefu.

Bwana Sefu alikuwa rafiki wa marehemu baba yake Athumani, mtu wa Pangani kwa asili, mwenye nyumba kadhaa mjini na minazi kule Pongwe. Mtu wa safu ya kwanza msikitini. Akiongea, sauti yake haipandi. Athumani akimwita ami, na yeye akimwita mwanangu, na siku ya arusi yetu alituletea mbuzi. Athumani alipomweleza haja yake, hakumkatalia hata dakika. Alisema, "Baba yako angekuwa hai angekuja kwangu, na mimi ningempa. Nitakupa wewe. Nyumba tutaiweka rehani kwangu, utanilipa kidogo kidogo kila mwezi, ukimaliza, hati yako unaichukua. Riba mimi sili, namwogopa Mungu."

Athumani alirudi anacheka peke yake njiani. Mimi pia nilicheka.

Sasa nikueleze kitu kimoja upate kunifahamu. Mimi shule ya serikali sikuona hata mlango wake. Lakini nilisoma chuo cha Kurani miaka saba kwa Bi Zuwena, mwanamke wa ukoo wa Kimanga aliyekuwa akifundisha wasichana nyumbani kwake. Bi Zuwena hakuishia kwenye msahafu. Alisema msichana asiyeweza kusoma barua atasomewa uongo. Akatufundisha kuandika Kiswahili chetu kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu walivyokuwa wakiandikiana. Kwa hiyo mimi barua naweza, na hati naweza. Athumani alisoma shule, akajua herufi za Kizungu. Hizi za Kiarabu alikuwa akizikokota neno kwa neno kama mtu anayevuta gunia.

Na hati za watu wa mji, wakati ule, nyingi ziliandikwa kwa herufi hizo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili asubuhi. Bwana Sefu alikuja chumbani kwetu na karani wake na mashahidi wawili. Waliketi mkekani. Nimewatengea kahawa na kashata, nimejifunika, nimekaa karibu na pazia. Karani alitoa hati mbili zinazofanana, moja ya kwetu na moja yake, akazisoma haraka haraka, hivi unavyosikia khatibu anayechelewa. Maneno yakapita: jina la Athumani, jina la baba yake, mipaka ya nyumba, kaskazini kwa fulani, kusini kwa fulani. Athumani akaitikia kwa kichwa. Akatia sahihi zote mbili.

Kisha Bwana Sefu akasema, "Na mkeo naye aishike aione. Kuna bangili zake humu. Asije kesho akasema hakushirikishwa."

Alisema vile kwa kuwa alidhani sijui kusoma. Na Athumani, ambaye hakujua kwamba Bi Zuwena alitufundisha zaidi ya msahafu, kwa kutaka kunipunguzia taabu mbele ya wageni, akasema, "Huyu anasoma Kurani tu, ami. Mambo ya hati ni yetu wanaume." Wakacheka kidogo, kicheko cha adabu.

Nikapewa ile hati. Nikaitazama. Na macho yangu, kwa ile desturi ya miaka saba, hayakungoja ruhusa, yakasoma. "Mimi Athumani bin Bakari nimemuuzia Sefu bin Makame nyumba yangu ya udongo iliyoezekwa makuti, bei kataa."

Neno rehani halikuwamo. Nilitafuta juu, nikatafuta chini. Halikuwamo.

Mwanangu, huenda siku hizi maneno haya huyajui. Rehani ni kuweka dhamana: nyumba inabaki yako, inashikwa mpaka deni liishe, kisha inarudi. Bei kataa ni kuuza kwa kukata, hakuna kurudi, kwisha. Nyumba tuliyokuwa tukiinunua juma lile kwa yule mzee wa Tongoni, hati ile ilisema tumekwisha muuzia Bwana Sefu. Na chini yake mstari mmoja, kwamba muuzaji atakaa humo na kulipa kila mwezi. Haikuandikwa kulipa nini.

Nilijua. Nisikudanganye kwamba sikufahamu. Nilifahamu, hati ingali mkononi mwangu. Nikamtazama Athumani: uso wake unang'aa. Nikamtazama Bwana Sefu: anakunywa kahawa, kikombe amekishika kwa vidole viwili. Nikawaza, nikisema sasa nitamwaibisha mume wangu mbele ya rafiki wa baba yake. Nikawaza, labda ndivyo hati zinavyoandikwa, wanaume wanajua. Nikawaza, mimi nani, mtoto wa juzi, nimwambie mtu wa safu ya kwanza kwamba karatasi yake ni mbaya. Nikawaza pia, haya ndiyo yanayoniuma zaidi, kwamba nikisema, nyumba itatuponyoka, na tumbo langu lina miezi sita.

Nikairudisha hati kwa mikono miwili. Nikasema, "Vyema."

Neno lenyewe ndilo hilo. Vyema. Hata leo mtu akilitamka mbele yangu huwa namwambia atafute jingine.

Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Uongo. Kimya changu hakikuwa na mshindo wowote. Kilikaa tumboni miaka miwili na ushei, hakikumtisha mtu, hakikumzuia mtu, na kila mwezi Athumani akichukua fedha kumpelekea ami yake, kikawa kikubwa zaidi. Hati yetu niliikunja nikaitia kasha, chini ya nguo za mtoto. Sikuifungua tena. Niliogopa kuiona kama watu wanavyoogopa kufunua kidonda.

Tulihamia. Nikajifungua binti yangu wa kwanza katika nyumba ile. Nikakandika kuta upya kwa mikono yangu, udongo mwekundu nikauchanganya na mchanga usipasuke. Kofia nilishona mpaka vidole vikaota sugu, na kwa fedha zake nikanunua mabati. Nayo nilinunua kidogo kidogo, kwa sababu makuti yalikuwa yakivuja, na kwa sababu nilijidanganya kwamba nyumba nikiitengeneza itazidi kuwa yangu. Fundi Mhina, Mbondei mmoja wa Muheza, ndiye aliyetuezekea. Alipomaliza akashuka akasema, "Mama, paa hili litawazika wajukuu wako." Nikampa na machungwa juu ya ujira wake, na machungwa yenyewe aliyaleta yeye.

Basi. Ukafika mwezi wa malipo ya mwisho. Athumani alivaa kanzu, kama anakwenda sala ya Idi, akafunga fedha katika leso, akaenda kwa Bwana Sefu kulipa na kudai hati yake. Alasiri akarudi. Sikumsikia akipiga hodi. Nilitoka kumwaga maji nikamkuta ameketi kizingitini, leso bado mkononi, imefungwa vile vile.

"Umemkosa?" nikamuuliza.

"Nimemkuta."

"Amekataa kupokea?"

"Amesema atapokea, lakini kama kodi ya mwezi huu, ndipo nikarudi nazo. Amesema hakuna mwisho." Akaigeuza leso mkononi. "Amesema mimi ni mpangaji mzuri, Mwanahamisi. Sijamchelewesha hata mwezi mmoja. Na kwa kuwa sasa nyumba ina bati, kuanzia mwezi ujao kodi itapanda."

Athumani hakulia. Afadhali angelia. Alikuwa akiitazama ile leso kama kitu cha mtu mwingine. Akasema, "Nilimwambia, ami, tulisema rehani. Akaniambia, mwanangu, mdomo husema mengi, lakini ulitia sahihi wapi, mdomoni au kwenye karatasi?"

Hapo nilikuwa na nafasi ya pili ya kusema kweli, nayo nikaiacha. Nilisema, "Mungu atamlipa." Nikaingia ndani. Unaona jinsi woga unavyojua kuvaa kilemba cha dini?

Siku ya pili nilitoa hati kashani, nikambeba mtoto, nikaenda kwa mwalimu wangu. Bi Zuwena alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima sana, amekaa kibarazani kwa ndani anachambua mchicha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Una uso wa msiba. Nani amekufa?"

Nikampa hati. Hakuipokea. Akasema, "Macho yangu yamekwisha. Nisomee." Nikasoma. Nilipofika pale, nikasita. Akaniambia, "Endelea." Nikasema, "Bei kataa." Akaacha kuchambua.

"Kafu, twe, aini," alisema polepole. "Mimi nilikuchapa vidole kwa herufi hizi, ulikuwa ukizichanganya. Hii hati umeisoma lini kwa mara ya kwanza?"

Ningeweza kumwambia jana. Lakini watu aina ile hawadanganyiki, na mimi nilikuwa nimechoka. Nikamwambia, "Siku ya sahihi, Mwalimu. Kabla karani hajaondoka."

Hakunipigia kelele. Laiti angepiga. Alisema, "Yule Sefu ni mwizi, na mwizi kazi yake ni kuiba, simshangai. Mumeo alimwamini mtu, kosa lake ni kosa la moyo safi. Katika chumba kile alikuwamo mtu mmoja tu aliyekuwa na taa mkononi, akaizima kwa pumzi yake mwenyewe, eti asiwaudhi waliokuwa gizani. Ulikuwa ukimstahi nani? Hebu nitajie."

Nikasema, "Mume wangu, Mwalimu. Niliona haya."

"Haya!" Hapo sauti yake ilipanda mara moja tu. "Haya ni kujisitiri mwili. Haya si kumtazama mumeo anatumbukia kisimani ukasema, sitamwita, atashtuka. Mimi sikukaa miaka saba na wewe ili uwe na siri nzuri. Sasa sikiliza. Mtakwenda kwa Liwali. Utamwambia mumeo kabla ya kwenda. Ukishindwa kumwambia nyumbani, utayasema pale pale. Na ujue, ukweli wako huu utawatia hasara. Nenda nao hivyo hivyo."

Sikumwambia nyumbani. Nilijaribu. Nilimtengea chakula nikajaribu. Nilimfulia kanzu nikajaribu. Tulikwenda barazani kwa Liwali yeye hajui kitu.

Liwali, ndiye aliyekuwa akiamua mashauri ya wenyeji wakati ule, alikuwa mtu wa makamo, mtaratibu, anasikiliza akiwa amefumba macho. Pembeni wameketi wazee wawili. Bwana Sefu alikuja na karani wake, akatusalimu kwa heshima zote. Athumani alieleza yote tangu mwanzo: rehani, malipo, leso. Liwali akaitaka hati, akaisoma mwenyewe, akaigeuza nyuma, akaisoma tena.

"Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulisomewa?"

"Nilisomewa haraka, sikufahamu vizuri."

"Kulikuwa na mtu upande wako aliyeweza kuisoma?"

Athumani akasema, "Hapakuwa na mtu."

Mwanangu, nilikuwa nimekaa nyuma na mtoto mapajani. Kama Athumani angenyamaza pengine nami ningenyamaza tena. Lakini kusikia mume wangu, mtu asiyesema uongo, anautoa uongo barazani bila kujua, na uongo wenyewe nimemtilia mimi mdomoni, nilisimama.

"Nilikuwapo mimi," nikasema. "Mimi nasoma. Nilipewa hati ile mkononi nikaisoma."

Liwali akafumbua macho. "Kabla au baada ya kukubaliana?"

"Kabla wageni hawajaondoka. Fedha zilikuwa bado hazijatolewa."

"Uliliona neno kataa?"

"Niliona."

"Ukasemaje?"

"Nikasema vyema."

Karani wa Bwana Sefu akainamisha kichwa kuficha meno. Athumani hakunigeukia. Niliona shingo yake tu, na ile shingo ikakakamaa kama gogo. Bwana Sefu akasema kwa upole wake, "Mheshimiwa, nadhani shauri limekwisha. Hati ilionwa na upande wao, ikakubaliwa."

Na kweli lilikuwa limekwisha. Liwali alivuta pumzi, akasema jambo hili haliipendezi nafsi yake, lakini yeye huhukumu kwa karatasi na mashahidi, na hapa vyote viko upande mmoja. Nyumba ni ya Sefu bin Makame.

Sasa hapa, mwanangu, ndipo hasira ilipozaliwa kwangu. Kabla ya hapo nilikuwa na woga, na majuto. Hasira ilikuja nilipomwona Bwana Sefu anatoa kitambaa anajifuta jasho ambalo halikuwapo. Nikasema, "Mheshimiwa, naomba hati ile niisome tena. Safari hii kwa sauti."

Wazee wakatazamana. Liwali akanipa.

Nilisoma kama Bi Zuwena alivyonifunza, kila herufi na haki yake, sikuacha hata mpaka mmoja. Nikafika, "nyumba yangu ya udongo iliyoezekwa makuti." Nikatua hapo. Nikairudia. "Iliyoezekwa makuti."

"Nyumba ile leo ina bati," nikasema. "Bati nimenunua mimi kwa kofia zangu, miezi mingi baada ya hati hii. Fundi Mhina wa Muheza aliyeezeka yuko hai, aitwe. Bwana Sefu mwenyewe juzi alimwambia mume wangu kodi itapanda kwa sababu ya bati. Amenunua makuti. Nataka paa langu."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Bwana Sefu alipandisha sauti. Alisema paa ni sehemu ya nyumba. Liwali akamwuliza, "Hati hii aliandika nani?" Akasema karani wangu. "Kwa maneno yako?" Kwa maneno yangu. Liwali akasema, "Basi kilichoandikwa ndicho kilichouzwa. Umewashinda kwa neno moja, na wao wamekushinda kwa neno moja. Bati ni lao. Walichukue ndani ya siku saba."

Njia nzima ya kurudi Athumani hakusema nami. Wala siku ya pili. Alilala ukumbini. Siku ya tatu asubuhi Fundi Mhina alifika na ngazi na vijana wake, nami nikakaa uani nahesabu mabati yanavyoshuka. Majirani walijaa njiani. Bwana Sefu alikuja mbio, kilemba kimekaa upande, akaniambia, "Binti, niachie bati. Nitakulipa thamani yake. Masika hii hapa, kuta zitalowa, nani atafaidi?"

Nikamwambia, "Ami, ulisema mdomo husema mengi. Mimi sasa nafuata karatasi."

Nilipoinua uso nilimwona Athumani anatoka kazini mapema, nguo zake za mafuta. Alivua viatu, akapanda ngazi, akaanza kung'oa misumari. Tukaanza kusemezana tena kwa mambo ya misumari: ishike hii, usiipinde, tutaihitaji. Ndiyo ndoa, mwanangu. Wakati mwingine hurudi kwa mlango mdogo kama huo.

Mvua zilikuja kabla Bwana Sefu hajapata makuti ya kutosha. Ukuta wa mashariki ulianguka wote. Watu waliniletea habari kama wananiletea zawadi. Nilikwenda kutazama. Nilidhani nitafurahi. Nikauona udongo mwekundu unatiririka barabarani, na katika mabonge yaliyosalia alama za vidole vyangu nilivyokandika nikiwa na mtoto mgongoni. Sikufurahi hata kidogo. Wahenga walisema hasira hasara, na siku ile nilihasirika kweli, maana nilikuwa nimembomolea adui nyumba niliyoikandika mimi mwenyewe.

Tulipanga tena miaka mitatu, tena chumba kimoja. Kisha tukapata kiwanja Nguvumali, wakati huo pori pori. Muuzaji alileta hati. Athumani akaipokea, akanipa mimi kabla hajaitazama, mbele ya wanaume wote, akasema, "Asome mke wangu." Niliisoma kwa sauti mara tatu. Muuzaji akachoka akasema, "Mama, unanidhania mwizi?" Nikamwambia, "Hapana, baba. Nasoma ili nisije nikakudhania." Mashahidi wakacheka, na yeye akacheka, tukaandikiana. Bati lile tukaliezeka huko. Athumani alifia chini ya bati hilo, Mungu amrehemu, mzee wa mvi, na katika siku zake za mwisho aliniambia ameshasamehe lile neno langu. Nilimshukuru. Mimi bado.

Sasa, mwanangu, unaponunua nyumba yako ya kwanza, yasikie haya ya mtu aliyeungua. Atakayekukopesha, awe benki, awe ami yako wa mbuzi wa arusi, maneno yake mazuri yasikie, mshukuru, kisha ulizia karatasi. Iombe mapema, ikae nyumbani kwako siku mbili tatu. Asiyetaka ikae kwako ana sababu. Isome yote, na hasa yale maandishi madogo wanayosema ni ya kawaida tu. Tafuta humo: nikishindwa kulipa, mwafanya nini? Nikimaliza kulipa, nini kinarudi kwangu, na kwa siku ngapi? Malipo ya kila mwezi yameitwa jina gani? Kila senti unayotoa ishikie risiti. Neno usilolijua, uliza, na ukijibiwa kwa kicheko, uliza tena. Lugha ikikushinda, mtafute anayeijua, umlipe. Ujira wake ni mdogo kuliko ukuta wa mashariki. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nami ukuta nimeujenga mara mbili.

Na wewe uliye mke, au mdogo, au mgeni katika kikao: ukiona neno baya, sema. Sema kwa adabu, lakini sema kabla wino haujakauka. Mwenzio atafedheheka kwa saa moja, atakushukuru umri mzima. Wanaokuambia hasira ni mbaya hawakukueleza kwamba ina wakati wake. Kasirika mapema, ungali na kalamu mkononi, hasira itakulinda. Mimi nilikasirika nikiwa nimechelewa, ikanibomolea.

Mungu akujaalie mlango wa kuufungua kwa ufunguo wako mwenyewe. Akupe mwenzi asiyeona aibu kusomewa, na ulimi usiokwama penye haki. Akuepushe na wema wenye karatasi ya siri, na watoto wako wacheze uani pasi na mtu wa kuwahesabia maji. Amina.